Baba anayebaki kwenye benchi la nje: nimwanzeje?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto mkoani Morogoro, na ninaomba ushauri kuhusu baba mmoja, ingawa naamini wa namna yake wako wengi.

Humsindikiza mkewe kila tarehe ya chanjo, lakini hubaki kwenye benchi la nje na mfuko wa nepi mapajani, wala haingii hata akikaribishwa. Mtoto alipoletwa kwa chanjo ya wiki ya 14, mkewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hufoka kwa jambo dogo, huchelewa kurudi makusudi na hambebi mwanawe mpaka ahimizwe. Mama mkwe alisema ni uchovu tu, utaisha baada ya arobaini; arobaini ilikwisha zamani.

Mimi naona dalili za sonona ya kipindi cha uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, ambayo haiwapati wazazi wa kike peke yao. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya akina baba, hasa mtoto anapokuwa na miezi 3 hadi 6. Kwa kuwa kwa wanaume aghalabu hujitokeza kama hasira, ulevi au kujitenga, jamaa huishia kusema fulani amebadilika tabia.

Dodoso la Edinburgh la kuchunguza dalili za sonona, lenye maswali 10 na lililotungwa kwa ajili ya akina mama, limetumika kwa akina baba pia, ila alama zinazoashiria tatizo kwao huwekwa chini kidogo. Lakini baba hana faili kwetu, na kadi ya kliniki haina mahali pa kuandika hali yake. Tumewahimiza wanaume waje kupima VVU na wake zao, nao wakaja. Majibu yakishatoka, hatuna swali jingine la kuwauliza.

Mke ameniomba nisimtaje. Nikimwita mumewe mbele ya foleni ya akina mama, nahofu hatarudi tena. Je, nimfuate pale benchini nimuulize habari za usingizi wake, au nimwombe muuguzi mwenzangu wa kiume aanze? Akikiri kwamba amechoka kuishi, nitampa rufaa siku hiyohiyo. Lakini akisema "niko sawa, sista", niendelee vipi bila kumfichua mkewe?

Muuguzi, Morogoro