Salfa nimemtumia Mama

Boston, 14 Juni

Hamisi mdogo wangu,

Salaam. Sisi wazima, baridi imeshaondoka. Ujumbe wako wa kuomba pesa za salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nimeupata, na wa pili, na ule ulioingia huku saa nane za usiku. Nimesikia.

Kwanza tumalize la matumbwitumbwi. Nimeambiwa uliwachekesha watu harusini kwa Zuhura, eti dada yenu kaenda Marekani kutunza lugha ya kompyuta yenye jina la ugonjwa wa mashavu. Jina ndilo hilo kweli, MUMPS. Ila hizo ni herufi za mwanzo tu, na M ya kwanza ni Massachusetts General, hospitali ya hapahapa Boston. Ndiko Neil Pappalardo na wenzake walikoanza kuitunga mwaka 1966, kwenye maabara ya Dk. Octo Barnett.

Lugha nyingi za enzi hizo, programu ikikoma, ulichohesabu kimekwenda, isipokuwa umefungua faili ukakiandika. Hii unatanguliza alama moja mbele ya jina, ^, mimi naiita kofia. Kilichovaa kofia kinakwenda moja kwa moja kwenye diski, nesi wa zamu ya kesho anakikuta. Na kinakaa kwa matawi kama mkorosho: mgonjwa, chini yake vipimo, chini yake tarehe. Kufuta ni KILL, hata K peke yake inatosha. Ukitaja shina badala ya tawi umeangusha mti mzima, wala haikuulizi mara mbili. Ndiyo maana vijana wa ofisini wakikutana na mistari ya miaka ya 1980 wanakimbia, na mkuu wa idara ananiita mimi, Somoe wa Kitangari. Hilo nalo wasimulie harusi ijayo.

Haya, pesa. Laki mbili zangu za mwaka jana hazikuvaa kofia. Nilikuuliza umenunua mifuko mingapi ya salfa, ukasema utanipigia. Nikaja kusikia kwa watu kwamba ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umemaliza maua yote ya upande wa bondeni. Sigombi. Nagomba kidogo.

Na Mjomba Issa anayesema mikorosho ya Bibi ni 40, mwambie ni 64. Nilizunguka na Bibi mwenyewe nikiwa darasa la sita, yeye anagusa shina, mimi naandika nyuma ya daftari la jiografia. Daftari ninalo huku. Juzi usingizi ulikataa, nikaiingiza yote kwenye kompyuta yangu, ^MIKOROSHO("Bibi",1) mpaka 64. Nilipofika ule uliopinda pale kisimani, tulipokuwa tukila mabibo mpaka kanzu zinaharibika, nilikaa kitambo bila kuandika kitu.

Salfa nimemtumia Mama, laki tatu. Nenda naye dukani, risiti abaki nayo yeye. Na mkorosho uliopinda, kama Mjomba hajaukata, nipigie picha.

Dada yako,
Somoe