Kwa vijana wa kikao cha Jumamosi: bomba lilikuwa hatua kumi tu

Wanangu,

Nimekaa na jambo hili siku nne nikidhani litanitoka. Halijanitoka, basi nawaandikia nyote, msomeane.

Mliona kilichotokea. Tulikuwa tumemaliza nusu saa ya kutafakari, mmoja wenu akainuka ghafla mkekani, akamgonga binti anayetuletea chai. Chupa ikafunguka, chai ya moto ikammwagikia mkononi. Aliyemgonga akatazama shati lake kwanza. Binti akaanza kulia. Ndipo mwingine wenu, tena yule anayetulia kuliko wote, akamwambia kwa sauti laini: "Dada, maumivu ni mshale wa kwanza. Kulia ni mshale wa pili, unajichoma mwenyewe. Achilia." Wawili watatu mkatikisa vichwa kukubali. Bomba la maji lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Aliyekwenda kuchota ni mimi, na magoti yangu haya.

Nani aliwafundisha hivyo? Mfano wa mishale miwili ni wa Buddha kweli, na mliusikia kutoka kinywani mwangu. Mtu asiyefundishwa akipatwa na maumivu ya mwili huomboleza na kujipiga kifua, akaumia mara mbili, mwilini na moyoni. Lakini mfano ule ni kioo cha kujitazamia mwenyewe. Ukimwelekezea aliyeungua, mshale wa pili umeutupa wewe. Buddha mwenyewe hakuuonea haya mshale wa kwanza. Siku moja kule Kapilavatthu mgongo ulimuuma, akamwambia Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, aendelee kufundisha, yeye akajilaza.

Kuna kisa katika vitabu vya kanuni za watawa ambacho nataka mkishike kuliko mifano yote. Mtawa mmoja aliugua kuhara, akawa amelala katika mkojo na kinyesi chake. Buddha akapita na Ananda, akamkuta, akamuuliza mbona hana wa kumuuguza. Akajibu kwamba hana faida yoyote kwa wenzake, ndiyo maana hawamjali. Ananda akatumwa maji. Buddha akamimina, Ananda akaosha. Kisha mmoja akashika kichwa, mwingine miguu, wakamlaza kitandani. Baadaye watawa wakaitwa, wakaambiwa: hapa hamna mama wala baba, msipouguzana ninyi, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, na amuuguze mgonjwa.

Yule mtawa hakuhubiriwa habari za kuachilia. Aliogeshwa.

Sasa wewe wa shati, mwanangu, sikuchukii. Kabla ya hasira kuna hisia, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Buddha, vedana, nazo ni tatu tu: ya kupendeza, ya kuchukiza, na isiyo huku wala kule. Chai ilipokurukia, ile ya kuchukiza ilikuja yenyewe, haina kosa. Kosa liko hatua inayofuata, akili inaporuka na kusema "nani kaniharibia?" Hapo ni kufumba na kufumbua, na hapo ndipo sati, yaani uangalifu wa akili, inapotakiwa. Neno hilo asili yake ni kukumbuka. Ungekumbuka, ungeuona mkono wake. Akili yenye chuki imefananishwa na maji yanayochemka: ukiinama huoni uso wako.

Wala siwalaumu ninyi peke yenu, mmekulia humo. Kuna mabosi wanaoleta mkufunzi wa kupumua ofisini huku mishahara ya miezi miwili haijalipwa. Mke anapigwa, anaambiwa avumilie. Tumezoea kumtuliza aliyeumizwa na kumwacha aliyeumiza aende zake, na sasa tumepata maneno ya Kipali ya kufanyia kazi hiyohiyo. Linaniuma sana, kwa sababu mafundisho haya nayapenda na ninyi nawapenda.

Jana nilikwenda kumwona. Malengelenge yamepasuka, mkono umefungwa kitambaa, na dawa kanunua kwa pesa yake. Wawili wenu, mnajijua, nendeni kabla ya Ijumaa mkamwombe radhi na kumrudishia gharama. Msimweleze chochote kuhusu akili yake. Jumamosi chai mtachemsha wenyewe, na ndoo ya maji iwekwe mlangoni kabla hatujakaa.