Samadi itangulie kwenye mikunde

Mhariri,

Ushauri wa kubadilisha mazao shambani unatolewa kila mahali, nami naukubali: msimu huu mahindi, msimu ujao maharage au soya, ili mikunde irudishe naitrojeni iliyoliwa na nafaka. Lakini kwenye udongo wenye asidi kali ushauri huo haujitoshelezi. Mikunde huumia sana na asidi, na bado wakulima wengi huipanda bila samadi, samadi yote ikiwekewa mahindi.

pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikifika chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia udongoni huanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Mizizi inabaki mifupi na minene, bila vinyuzi vya kutafutia maji. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, hivyo mbolea uliyoinunua inakaa ardhini mmea usiipate. Bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi hudhoofika, na molibdeni, madini wanayoyahitaji kutengenezea naitrojeni, huwa haba.

Hili halihitaji maabara kulishuku. Ng'oa taratibu shina la maharage linapoanza kutoa maua, uoshe mizizi, kisha upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au usipoviona kabisa, usitegemee maharage hayo yaache kitu kwa ajili ya mahindi.

Ndiyo maana nasema samadi iliyooza vizuri au mboji itangulie kwenye mikunde. Viini vinavyotokana na kuoza huishika alumini isidhuru mizizi, huachia sehemu ya fosforasi, na kalsiamu na magnesi zilizomo husaidia kupunguza asidi. Mahindi hayatapunjwa, maana samadi haimaliziki kwa msimu mmoja. Yatakuta mabaki yake pamoja na naitrojeni ya maharage yaliyostawi.

Mikunde yenyewe huongeza asidi kidogo inapokua, na tunazidisha tunapoing'oa yote, kwenda kuipura nyumbani na kuyaacha maganda huko huko. Yarudisheni shambani, hata kama ni kazi ya kuchosha.

Majivu ya kuni pia hupunguza asidi, ila yasichanganywe na samadi mbichi. Ile harufu kali inayopanda puani ni amonia, yaani naitrojeni inayopotea hewani. Chokaa hufanya vivyo hivyo. Tangulizeni kimoja, kingine kifuate baada ya wiki kadhaa.

Sidai kwamba samadi inatosha kila mahali. Udongo wa pH 4.5 una asidi mara kumi ya ule wa 5.5, na kiasi cha samadi cha kuziba pengo hilo ni wachache wanaokimudu. Hapo chokaa ya kilimo haiepukiki, na mboji inabaki kuwa mshirika wake. Wanaotumia yurea, DAP au salfeti ya amonia miaka nenda miaka rudi wajihadhari zaidi, kwa kuwa mbolea hizo huongeza asidi.

Ombi langu kwako, Mhariri: kurasa zako zinapomshauri mkulima abadilishe mazao, zimwambie pia apime pH ya shamba kwanza, na zimweleze samadi iingie kwenye zao lipi.

Msomaji wako, mkulima