Wauza runinga watuwashie kwanza, ndipo tulipe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wa Mtwara na Lindi, wanunuzi na wauzaji pia, kuhusu jambo linalojirudia kila msimu wa korosho, nalo ni ununuzi wa runinga. Malipo ya minada yanapoanza kuwafikia wakulima, maboksi marefu huonekana juu ya bodaboda na bajaji yakitoka madukani kuelekea Chikongola, Magomeni na Mikindani, na mengine hupakiwa kwenye mabasi ya Newala, Tandahimba na Masasi. Katika nyumba nyingi runinga hiyo moja ndiyo itakayoonyesha taarifa ya habari saa mbili usiku, mpira wa Ligi Kuu, tamthilia za jioni na gemu za vijana. Fedha ni ndogo na kosa halirudiwi mpaka msimu mwingine, kwa hiyo nasikitika kuona kwamba tunauziwa maandishi ya kwenye boksi, wakati runinga yenyewe hatujaiona ikiwaka.

Nieleze lililonipata. Mwaka jana nilitenga shilingi 700,000, nikaenda kwenye duka moja mjini, nikachukua runinga ya inchi 43 iliyobandikwa karatasi ya rangi ya dhahabu yenye maandishi ya 4K. Niliomba iwashwe, muuzaji akanijibu kwamba boksi likishafunguliwa mzigo unahesabika umeuzwa. Nikalipa. Jioni ile kijana wangu akachomeka mashine yake ya gemu, PlayStation 4, ambayo kabla ya hapo alikuwa akiitumia kwenye runinga ndogo ya inchi 24, na haikupita nusu saa akaniita: "Baba, nikibonyeza shuti, mchezaji anapiga baadaye." Nilidhani pedi, yaani kile kidude cha vitufe anachokishika mchezaji, imechakaa, maana ilikuwa ya mtumba. Nikanunua nyingine, na tatizo likabaki vile vile.

Aliyetutoa gizani ni fundi mmoja wa Chikongola. Alizijaribu pedi zote mbili, akaziweka mezani, akasema: "Mwalimu, pedi hizi ni nzima. Ni runinga inafikiria kwanza." Akaingia kwenye orodha ya mipangilio ya picha, akachagua neno Game, rangi zikapoa kidogo, na kijana akabonyeza tena. Safari hii mpira uliondoka papo hapo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hisabati, sikuridhika na macho peke yake. Tuliazima simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, tukairekodi pedi na kioo kwa pamoja, kisha tukahesabu picha moja moja tangu kidole kilipogusa kitufe hadi mchezaji aliponyanyua mguu. Katika mpangilio wa kawaida tulihesabu picha 38, na katika mpangilio wa gemu picha 20. Kila picha ni takriban milisekunde 4.2, kwa hiyo runinga peke yake ilikuwa ikiongeza milisekunde 75 bila sababu yoyote yenye faida kwa mchezaji.

Namna jambo hili linavyotokea si siri. Runinga ya sasa haionyeshi picha mara tu inapoipokea. Huishika kwanza, huondoa chenga, huongeza makali ya kingo, na nyingine hutunga picha za katikati ambazo hazikurushwa na kituo chochote ili mwendo uonekane laini, kisha ndipo huitoa kwenye kioo. Mtazamaji wa habari hadhuriki na hayo, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa ili iende pamoja na midomo. Mchezaji wa gemu hadhuriki kwa sauti wala kwa rangi, bali kwa muda: gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, na kuchelewa kwa milisekunde 75 ni sawa na kucheza ukiwa nyuma kwa zaidi ya picha nne. Zile runinga za chogo tulizozitupa hazikuwa na shida hii, kwa kuwa picha ilichorwa mstari kwa mstari kadiri mawimbi yalivyoingia, na hapakuwa na mahali pa kuihifadhi. Sisemi turudi kwenye chogo. Nasema kwamba mnunuzi mwenye kijana anayecheza gemu anapaswa kuuliza kuhusu kuchelewa huku kabla hajauliza kuhusu inchi, na boksi halimwambii lolote juu yake.

Sasa niingie kwenye hiyo 4K. Kioo cha Full HD kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya hizo. Tofauti ni kubwa kwenye karatasi, lakini jicho lina mpaka wake. Runinga ya inchi 43 ina upana wa takriban sentimita 95, na ikiwa ya Full HD kila nukta inapata karibu nusu milimita. Jicho lenye afya hutenganisha nukta zilizoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja, na ukipiga hesabu utaona kwamba mtu akikaa mbali zaidi ya mita 1.7 kutoka kwenye kioo hicho, hawezi tena kuziona nukta hizo moja moja, hivyo hata zikiongezwa mara nne hataona tofauti. Wenye sebule wapime wenyewe kutoka kochi hadi ukutani. Yangu ni mita tatu kasoro.

Jambo la pili ni kile tunachokitazama. Chaneli nyingi za kwenye ving'amuzi vyetu hurushwa kwa kiwango cha kawaida, ambacho ni nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Ukigawanya nukta za kioo cha 4K kwa hizo unapata 20 kamili, maana yake ni kwamba kila nukta moja inayotoka kwenye king'amuzi inapaswa kunyooshwa ijaze nafasi ya nukta 20. Runinga ghali hufanya kazi hiyo kwa ustadi, ile ya bei rahisi hukupa nyuso zilizofifia na nyasi za uwanjani zilizogeuka rojo. Nimeona mechi ya Simba na Yanga ikipendeza zaidi kwenye inchi 32 ya jirani yangu kuliko kwenye inchi 43 yangu, na king'amuzi kilikuwa kile kile.

Tena kuna udanganyifu ambao naona ni mbaya kuliko yote niliyotaja. Runinga inaweza kupokea mawimbi ya 4K huku kioo chake kikiwa ni cha Full HD au hata chini ya hapo, kwa kuwa huyapokea kisha ikayapunguza. Yangu ni ya namna hiyo. Nilichomeka kompyuta mpakato, nikaiweka itoe 4K, nikafungua ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi ndogo sana, nikasogea hadi pua ikaribie kioo. Miguu ya herufi m ilikuwa imeungana ikawa doa moja, na baadhi ya mistari myembamba ilikuwa imepotea kabisa. Kwenye kioo cha 4K halisi mistari ile husimama wima, kila mmoja peke yake. Niliporudi dukani na malalamiko, nilijibiwa kwamba karatasi haikusema uongo, maana runinga "inapokea 4K". Mhariri, mtu anayelipa fedha za gunia zima la jasho hapaswi kuchezewa kwa kitenzi.

Namba 120 inayoandikwa karibu na neno hezi, yaani mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde, nayo itazamwe kwa makini. PlayStation 4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo mwenye mashine hiyo akiongeza fedha kwa ajili ya hezi 120, mashine yake haitazitumia. Mwenye PlayStation 5 anaweza kuzitumia, lakini ili apate 4K na picha 120 kwa wakati mmoja anahitaji kioo cha hezi 120 za kweli pamoja na tundu la waya wa picha na sauti la toleo la HDMI 2.1, na kwa bei tunazozimudu sisi vitu hivyo viwili ni nadra kukutana. Na HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza kwa undani zaidi, kwenye runinga ya bei ndogo mara nyingi ni jina tu, kwa sababu kioo hakina mwanga wa kutosha kuionyesha.

Yapo mambo ambayo hayabandikwi kwenye boksi lakini familia huishi nayo kila siku. Matundu ya HDMI yawe angalau mawili, king'amuzi kipate lake na gemu ipate lake, kwani runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa picha kwa kila tundu, hivyo baba hataikuta habari katika rangi za gemu wala kijana hatalazimika kurekebisha kila mara. Mwenye sabufa aangalie kama kuna tundu la kutolea sauti linalolingana na nyaya zake, maana baadhi ya runinga mpya zimeondoa tundu la hedifoni na kuacha lile la waya wa mwanga ambalo sabufa zetu nyingi hazilipokei. Na siku ya mechi kubwa, watu wanapokaa kwenye mkeka mpaka mlangoni, vipo vioo ambavyo aliye pembeni huona rangi zimepauka kama nguo iliyoanikwa mwezi mzima. Hilo hugunduliwa kwa kusogea hatua tatu kando ya runinga iliyowashwa, na si kwa njia nyingine. Kilinda umeme sina haja ya kukieleza kwa watu wa huku.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa mtu mwenye fedha kama zangu, ni kwamba Full HD ya kweli ya inchi 32 hadi 43, ya kiwanda kinachochapisha sifa zake waziwazi, yenye mpangilio wa gemu unaofanya kazi, inamfaa kuliko 4K ya mashaka. Anayekaa karibu na kioo na mwenye mashine inayotoa 4K ana sababu ya kutaka zaidi, mradi ahakikishe anaipata.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Kwa kila aina ya runinga wanayoiuza, iwepo moja iliyotolewa kwenye boksi na kuwashwa, na mteja aruhusiwe kuchomeka king'amuzi, kompyuta au gemu yake kwa dakika kumi. Pamoja na risiti ya EFD, karatasi ya dhamana iandikwe idadi ya nukta za kioo chenyewe, hezi zake halisi na namba kamili ya modeli. Muuzaji mwaminifu hatapoteza chochote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, lakini mlalamikaji asiye na maandishi mkononi atathibitisha nini? Na wenzetu wa vijijini wanaomtumia kondakta fedha ili awaletee runinga kutoka Kariakoo, waombe kwanza wapigiwe picha ya karatasi iliyo mgongoni mwa runinga, waisome namba ya modeli, wamtume kijana mwenye simu akaitafute kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe.

Runinga yangu bado iko sebuleni, na kijana anacheza vizuri katika mpangilio ule aliotuonyesha fundi. Mdogo wangu wa Tandahimba atakuja mjini akishalipwa korosho zake, naye anataka ya kwake. Tumekubaliana kwamba nitakwenda naye nikiwa na PlayStation, waya wa HDMI na ile kompyuta kwenye begi, na duka la kwanza litakaloturuhusu kuchomeka ndilo litakaloipata fedha yake.

Wako,
Mwalimu wa sekondari,
Mikindani, Mtwara