Yukata ya udongo mmeifunga kama ya maiti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizovaa yukata, lile vazi jepesi la pamba ambalo Wajapani huvaa kwenye sherehe za kiangazi na wakienda kutazama fataki, imefanya jambo jema kuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana juu ya meza ya jikoni hapa Dar es Salaam. Lakini picha yenu kubwa ina upande wa kulia wa vazi umelazwa juu ya ule wa kushoto. Japani hufungwa hivyo mtu akishakufa. Aliye hai, awe mwanamke au mwanamume, hulaza kwanza upande wa kulia mwilini, halafu wa kushoto unakuja juu yake.

Huenda fundi hakukosea kwa kutojua. Wengi hufinyanga wakiangalia picha za simu, na kamera ya mbele mara nyingi humgeuza mtu kama kioo kinavyomgeuza. Pima hivi: ukimtazama aliyevaa uso kwa uso, kola zake zinakutana kifuani kama herufi ndogo y. Ukiona y iliyogeuka, ama picha imegeuzwa ama umechonga marehemu.

La pili ni ile kauli kwamba “udongo wowote unafaa”. Haufai. Kaolini, ule udongo mweupe wa kauri, tunayo hapo Pugu, ila inataka tanuri la zaidi ya nyuzi joto 1,200 za Selsiasi ili iwe kauri, na mkono wa vazi wenye unene wa milimita moja utakatika kabla haujaliona tanuri. Udongo wa mfinyanzi ukiuvisha kwenye waya hupasuka, kwa sababu udongo unasinyaa na waya hausinyai. Udongo wa plastiki unaookwa ni mzuri sana kwa anayeumudu, lakini unataka nyuzi 110 hadi 130 zisizopanda wala kushuka. Moto wa juu na chini kwenye jiko la mkaa, unaotosha kabisa kuivisha keki, hauna namna ya kushika kipimo hicho. Ukizidi, udongo unaungua na kutoa moshi wa kukereketa.

Kinachobaki kwa mfuko wa kawaida ni donge la gundi na konflawa. Kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya seremala, kikombe kimoja cha konflawa, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya watoto na viwili vya siki. Koroga vikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo na kusonga kwa mwiko. Donge likiacha kuta za sufuria na kujikusanya kwenye mwiko, epua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wakingoja likaze kama ugali wa kukata kwa uzi. Lililozidi kuiva hukatikakatika ukilivuta na halina dawa, ilhali bichi unaweza kulirudisha motoni. Likande dakika tano kwa mikono iliyopakwa mafuta, lifunge kwenye nailoni, lilale hadi kesho yake. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula.

Kuna mambo mawili ya nyongeza ambayo makala haikuyagusa. Donge hili likikauka hugeuka kama nta ya mshumaa, mwanga unapenya, kwa hiyo changanya rangi nyeupe ya akriliki kidogo tangu mwanzo, hata kama utapaka rangi baadaye. Na unyevu wa mji huu huleta ukungu: matone machache ya mafuta ya karafuu wakati wa kukanda huuzuia. Mende nao wanapenda wanga, basi usiache kazi wazi usiku.

Sasa vipimo. Kwa uwiano wa moja kwa kumi na mbili, mwanamke wa sentimita 160 anakuwa na kimo cha sentimita 13 na kidogo. Mifupa yake itoke kwenye nyaya za shaba za umeme zilizosokotwa mbili mbili. Waya wa kufungia nondo ni rahisi kupatikana lakini una kutu, na kutu hupita kwenye donge lenye maji na kutokea usoni kama madoa ya chai. Kiwiliwili kijaze kwa foili iliyokazwa, kisha kivishe donge la milimita mbili tatu. Liache likauke kabisa kabla ya kuvika nguo. Kausha kivulini, ukiigeuza sanamu mara kwa mara. Siku mbili angalau, na wakati wa masika ongeza. Ukiianika juani, ngozi ya nje inakauka mbele ya ndani, na nyufa zinafunguka shingoni na kwenye viungo.

Mwili wenyewe usiupambe. Makala imesifu “kiuno cha nyigu” cha sanamu ile, na hilo ndilo linaloifanya ionekane imevaa gauni la harusi. Anayevaa yukata huweza kujaza taulo kiunoni ili umbo linyooke, kwa sababu kitambaa hicho kinapendeza kikishuka kama bomba, kikipungua kidogo tu kwenye pindo la chini. Mikunjo ni michache na mikavu. Wachongaji wa Mwenge wataelewa upesi: huchongi nyonga, unachonga gogo lenye mtu ndani yake.

Sukuma donge kati ya nailoni mbili mpaka unene wa milimita moja, likate kwa wembe, na ulivike kwa utaratibu uleule wa mtu anayevaa. Sketi kwanza, kulia halafu kushoto, urefu ukomee kifundoni. Kisha kifua, kulia halafu kushoto. Mgongoni, katikati, chora kwa sindano mstari mmoja wa mshono kutoka kola hadi chini. Mshono huo upo kwa sababu kitambaa cha yukata hufumwa chembamba, sentimita 36 hadi 38 hivi, na mgongo unahitaji vipande viwili. Ni mstari mdogo, lakini bila huo nyuma hubaki kama kanzu.

Kola ni ukanda wa peke yake wa milimita nne au tano. Kwa mwanamke, irudishe nyuma iachane na shingo kiasi cha ngumi moja, yaani milimita sita au saba kwa kipimo chetu. Ndiyo maana nywele hubanwa juu: kisogo ni sehemu ya vazi. Kwa mwanamume kola inagusa shingo.

Vazi la mwanamke ni refu kuliko mwili wake, na ziada hukunjwa kiunoni. Weka basi ukanda wa milimita tano unaochungulia chini ya mshipi, mlalo wake umenyooka. Mwanamume hana mkunjo huo. Mshipi wenyewe, obi, uwe na upana wa milimita 13 kwa mwanamke, ukae kiunoni. Wa mwanamume ni milimita nane, nao hukaa chini, kwenye nyonga, mbele ukishuka kidogo. Fundo la nyuma lifinyange pembeni kama kipepeo, mabawa yake yajazwe pamba mpaka yakauke, ndipo uligandishe. Ukilifunga bichi mgongoni, kwa joto la Dar litalala kabla hujanawa mikono.

Mikono ya nguo iwe ya mwisho. Si bomba, ni mistatili ya kimo cha sentimita nne inayoning'inia. Wa mwanamke haushonwi na ubavu chini ya kwapa, pana mwanya. Wa mwanamume umeshikamana karibu wote. Ingiza kipande cha karatasi laini ndani ya kila mkono kisishikane, na ukitoe baada ya saa chache.

Miguuni ni geta, viatu vya mbao vya Kijapani, bila soksi. Anayezijua mitalawanda atadhani ni zilezile, ila geta hazina msuruaki, kile kijiti kinachobanwa kwa vidole vya mguu. Zina kamba inayopita kati ya kidole gumba na cha pili kama ya kandambili, na chini zina meno mawili ya mbao. Kijiti cha aiskrimu kinatosha: sentimita mbili za urefu, na kisigino kizidi kidogo nyuma.

Rangi zije baada ya kila kitu kukauka. Buluu ya nili juu ya nyeupe haikosei. Ua la sentimita sita kwenye nguo halisi ni milimita tano kwenye sanamu, na hapa ndipo wengi wetu tuliozoea kanga tunapojikwaa: tunachora mji mkubwa katikati na pindo pande zote. Yukata haina pindo la namna hiyo. Nakshi hurudiwa mwili mzima na kukatwa na mishono. (Kanga nyingi za zamani zilichapwa Japani, na wachapaji wale hawakusahau kuweka pindo zetu.) Malizia kwa vanishi matabaka mawili, hata chini ya nyayo, kwa sababu donge hili likipata maji linalainika.

Tunachoomba ni kidogo: mchape tena picha ile pamoja na masahihisho. Sanamu yenyewe haina haja ya kutupwa. Ikiwa ni ya donge la namna hii, kola na ubavu wa juu vikilowanishwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu vitalegea na kubanduka kwa wembe, na kipande kipya kikalazwa upande unaostahili.

Ni sisi,
Wafinyanzi wa sanamu ndogo,
Kinondoni, Dar es Salaam