Mpwa wangu, kabla hujasaini hiyo karatasi

Mpwa wangu,

Mama yako kanipa habari kwamba umepata kazi kwenye yadi ya kontena huko Kurasini, unakaa kwenye kompyuta unaingiza orodha za mizigo. Hongera sana. Ukarani wa yadi ni kazi, hata kama wenzako wanaona ni kukaa kivulini na kugonga mihuri.

Ila kuna jambo alinisimulia huku anacheka, mimi sikucheka. Kwamba wiki ya kwanza tu wamekufundisha njia ya mkato: kontena likiwa la kuchangia, wafanyabiashara ishirini wa Kariakoo wamejaza humo kila mtu na vyake, usijisumbue kuchambua. Andika "vipodozi na vifaa vya nyumbani", saini, lete lingine.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeamua kuandika hapa mbele za watu kwa sababu makarani wa aina yako ni wengi, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na aliyekufundisha huo mkato naye alifundishwa na mtu.

Nikueleze habari za Tianjin. Ulikuwa bado shule ya msingi. Tianjin ni mji wa bandari kaskazini mwa China, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Beijing, na bandari yake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kwenye eneo jipya la Binhai palikuwa na ghala la kampuni iitwayo Ruihai International Logistics. Kazi yao ilikuwa kama yenu: kupokea kontena, kuzipanga, kuzitoa. Tofauti ni kwamba wao walijitangaza wazi kuwa wanashughulika na kemikali hatarishi.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2015, saa 4:51 hivi, moshi ulianza kutoka kwenye kontena moja. Humo mlikuwa na nitroselulosi. Jina la kutisha, lakini ni pamba tu iliyopikwa kwa asidi, na hutumika kutengenezea vanishi, rangi za magari, na rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha. Nilipofika hapo kwenye ripoti ya uchunguzi nilikukumbuka wewe na vipodozi vyako, ingawa wewe unapokea chupa zilizokwisha kutengenezwa na wao walikuwa na malighafi yenyewe.

Nitroselulosi husafirishwa ikiwa imeloweshwa, kwa maji au spiriti, kwa sababu ikikauka inajipasha moto yenyewe mpaka inawaka bila kiberiti. Wachunguzi walieleza kwamba mifuko ya plastiki haikufungwa sawasawa, na makuli waliibwaga ovyo wakati wa kupakia, ikapasuka na ule unyevu ukapotea. Siku hiyo joto nje lilifika nyuzi 36. Walipojaribu kupima hali kama hiyo ndani ya kontena lililofungwa juani, walipata zaidi ya nyuzi 65. Wewe unaijua kontena inavyokuwa saa nane mchana, sina haja ya kukueleza.

Zimamoto wa bandari walifika ndani ya dakika chache. Sasa hapa ndipo nataka usome polepole. Kiongozi wao alipofika aliwauliza wafanyakazi wa ghala: kinachoungua ni nini, na jirani yake kuna nini? Hakupata jibu la kueleweka. Hawakuwa wanamficha makusudi, angalau wale waliokuwepo usiku ule. Hawakujua. Mzigo ulikuwa umerundikwa, kontena juu ya kontena, kwenye uwanja ambao baadhi ya vitu hivyo havikutakiwa hata kulala usiku mmoja. Vijana wakaendelea kumwaga maji kwenye moto wasioujua.

Jirani ya ule moto kulikuwa na amonia nitrati, tani 800 hivi. Hiyo ni mbolea, na pia ndiyo kitu cha kupasulia miamba migodini. Saa 5:34 usiku mlipuko wa kwanza ukatokea. Sekunde thelathini na moja baadaye ukaja wa pili, na huo ndio uliofanya kazi: wachunguzi waliukadiria sawa na tani 430 za baruti ya TNT, wakati ule wa kwanza ulikuwa kama tani 15. Zile sekunde thelathini ndizo zinazoniumiza. Watu wa kwenye maghorofa walishtushwa na wa kwanza, wakaenda madirishani kuangalia, wengine na simu mkononi wakirekodi. Wa pili ukawakuta wamesimama mbele ya vioo. Asubuhi palipokuwa na ghala pamebaki shimo la upana wa mita 97 lililojaa maji, na jirani yake maelfu ya magari mapya yameungua yakiwa kwenye foleni. Hesabu ya mwisho ilikuwa magari 12,428.

Waliothibitishwa kufa ni 165. Wengine 8 hawakupatikana. Waliojeruhiwa walikuwa 798. Na kati ya hao 165, zimamoto peke yao walikuwa 99, na polisi 11. Soma tena. Zaidi ya nusu ya waliokufa ni watu waliokwenda kuzima moto.

Tena sabini na tano kati ya hao zimamoto walikuwa wa kikosi cha bandari, vijana wa mkataba, si askari wa serikali. Siku za mwanzo hesabu zilizotangazwa hazikuwataja ipasavyo, mpaka ndugu zao wakaenda kwenye mkutano wa waandishi wa habari kudai waambiwe watoto wao wako wapi. Waziri Mkuu Li Keqiang alipofika tarehe 16 ikabidi atamke kwamba wa mkataba na wa serikali watapewa heshima sawa. Kibarua ni kibarua popote duniani, mpwa wangu; hata akifa lazima mtu agombane ndipo aandikwe.

Kuna kingine kilichokuwa ghalani: sodiamu sianidi, sumu kali, tani 680 na ushei. Hii unaijua, ndiyo ile wanayochenjulia dhahabu kule Geita na Kahama, na kwetu pia huingia kwa bandari. Kiasi kilichokuwepo kilizidi zaidi ya mara 40 ya kile ghala lilichosanifiwa kubeba. Baada ya mlipuko watu walihamishwa, askari wa vita vya kemikali wakaletwa, na mvua ya kwanza ilipoteremka barabara zikajaa povu jeupe. Hebu fikiria hofu ya mtu aliyelikanyaga. Siku zile za mwanzo, hata serikali haikuweza kusema kwa hakika nini kilikuwemo. Ofisi ya kampuni ilikuwa imeteketea pamoja na makaratasi yake, na kumbukumbu zilizobaki hazikulingana na za forodha. Kampuni inasema hivi, forodha inasema vile, na watu wanavuta hewa ileile.

Utaniuliza, kampuni kama hiyo ilipataje kibali? Hiyo ndiyo sehemu inayochosha, kwa sababu unaijua kabla sijakusimulia. Kwenye makaratasi wenye hisa walikuwa watu wengine. Wenye mali hasa walikuwa wawili: Yu Xuewei, aliyewahi kuwa bosi kwenye kampuni kubwa ya kemikali ya serikali, na Dong Shexuan, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa polisi wa bandari hiyohiyo. Dong mwenyewe aliliambia shirika la habari la Xinhua kwamba yeye alikuwa na watu wake polisi na zimamoto. Alipohitaji ukaguzi wa moto alionana na wakubwa wa zimamoto wa bandari, akawapa faili, na karatasi ikatoka upesi. Angalia mzunguko huo: kikosi kilichopitisha ghala ndicho kilichopeleka vijana wake kufia humo. Waliosaini si waliokufa, bila shaka.

Kanuni ya China ilitaka ghala la aina hiyo liwe kilomita moja kutoka kwenye makazi. Maghorofa ya makazi ya kampuni ya Vanke yalikuwa mita kama 600. Kampuni ya washauri ilithibitisha kwamba kila kitu kiko sawa. Kwa miezi kadhaa Ruihai ilifanya kazi ya kemikali bila kibali halali kabisa, na hakuna aliyebisha hodi. Wakazi wengi walisema hawakujua jirani yao anahifadhi nini. Walidhani ni kontena tu, kama zile za kwenu.

Novemba 2016 mahakama zilihukumu watu 49, maofisa na watu wa kampuni, wakiwemo wale washauri. Yu alipewa hukumu ya kifo iliyoahirishwa kwa miaka miwili. Rushwa iliyotajwa mahakamani, fedha na zawadi alizowapa wakubwa wa bandari, ilikuwa na thamani ya yuani 157,500. Hasara ya moja kwa moja ilihesabiwa kuwa yuani bilioni 6.8 na zaidi. Kwa rushwa ile hununui hata magari mawili ya maana kati ya yale elfu kumi na mbili yaliyoungua.

Usiniambie hayo ni ya China. Shehena ya amonia nitrati iliyolipuka Beirut mwaka 2020 na kuua zaidi ya watu 200, tani 2,750, ilikuwa safarini kuja Beira, Msumbiji, mwambao huuhuu wetu. Meli iliishia Lebanoni mwaka 2013, mzigo ukashushwa ghalani, makaratasi yakazunguka ofisi kwa ofisi, na shehena ikakaa pale karibu miaka sita.

Sikuambii uache kazi. Mama yako atanilaumu, na kwa haki. Wala sikuambii ugombane na bosi wako mwezi wa kwanza. Ninachokuambia ni kwamba saini yako ndiyo itakayosomwa na zimamoto siku ikifika. Rangi ya kucha, asetoni, manukato ya kupulizia, betri za simu na fataki vyote huja kwenye kontena za kuchangia, na ukiviita "vifaa vya nyumbani" umemnyima mtu wa mpira wa maji kitu pekee alichohitaji wewe umpe. Tazama ile alama ya mraba uliosimama kwa kona kwenye katoni, yenye moto au fuvu na namba ya daraja la hatari chini yake. Iandike. Ikiwa mwenye mzigo hataki iandikwe, andika kwamba hakutaka, weka na tarehe.

Nasikia pia umeanza zamu za usiku. Kwa hiyo nina swali, na ukijua jibu nitumie ujumbe hata kama ni saa sita: ofisi ikifungwa jioni, nakala ya orodha ya mizigo inabaki wapi, na mlinzi wa getini ana ufunguo?

Mjomba wako.