Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mwinuko wa Moja kwa Mia

Ndugu Wanachama,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti awasilishe kwenu, kabla ya mkutano mkuu, taarifa ya yale yaliyofanyika katika mwaka. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina mwenyewe, na kwa kuwa hatudaiwi na mtu sina la kuongeza hapo. Mimi nitaieleza kazi yenyewe, yaani reli ya kutoka Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, ambayo mkutano wenu uliopita uliamua iwe somo letu la mwaka mzima. Uamuzi huo ulikuwa na sababu: mwezi Agosti 2025 ilitimia miaka 150 tangu treni za mizigo zianze kupita katika reli hiyo, na tarehe 1 Mei 2026 itatimia miaka 150 ya treni za abiria.

Tulipoanza, somo liligawanywa mafungu matatu, madaraja, stesheni na miinuko, na kila fungu likapewa kikundi chake. Mgawanyo huo ulikuwa wangu, na nakiri kwamba haukudumu hata miezi miwili. Kikundi cha madaraja kilipouliza kwa nini daraja fulani limejengwa pale lilipo, jibu lilikuwa mikononi mwa kikundi cha miinuko. Na kikundi cha stesheni kilipouliza kwa nini stesheni imewekwa mbali na watu, kilirudishwa mlango huo huo. Ikabidi tuviunganishe vikundi vyote, na tangu hapo kazi ikaenda. Katika reli hii mwinuko ndio bwana. Madaraja na stesheni ni watumishi wake.

Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 116 hivi, ilijengwa na kampuni ya reli ya Midland, ambayo ilikuwa imechoka kutegemea njia za washindani wake ili kuwafikisha abiria wake Scotland. Huko Ingleton kampuni mbili zilikuwa na stesheni mbili, moja kila upande wa daraja, na abiria waliwahi kulazimika kutoka moja hadi nyingine kwa miguu, mizigo yao mikononi. Midland ikaomba idhini ya kujenga njia yake yenyewe, ikapewa na Bunge mwaka 1866. Baadaye, ilipopatana na washindani na kuuona ukubwa wa gharama, ilirudi bungeni kuomba iachiliwe isijenge. Mwaka 1869 Bunge likakataa. Kwa hiyo mojawapo ya njia za reli zinazopendwa zaidi Uingereza ilijengwa na watu ambao tayari walikuwa wameikimbia. Jambo hilo lilituchekesha sana kikaoni.

Washindani walikuwa wamekwisha kuzichukua njia rahisi. Iliyobaki ni kupita juu ya milima ya Pennine, na kupita kwa kasi, kwa sababu treni ya polepole isingemvutia abiria wa Glasgow. Mhandisi mkuu, John Crossley, akashika sharti moja: mwinuko usizidi moja kwa mia, na kona ziwe pana. Moja kwa mia maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za mwendo, reli hupanda mita moja. Kwa mtu anayetembea hilo si lolote. Kwa injini ya mvuke iliyovuta mabehewa kumi katika mvua ya Novemba, huku mchochea moto akitupia makaa kwa koleo bila kupumzika, ulikuwa mtihani wa kilomita 24 mfululizo, tangu maungio ya Settle hadi Blea Moor. Wafanyakazi wa reli waliuita mpando huo Mburuto Mrefu, na jina hilo lingali likitumika.

Katika safari yetu ya kwanza, mzee wetu mmoja, ambaye zamani aliendesha treni Kenya katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, alitutaka tunyamaze tulipopita Settle. Alikuwa akisikiliza injini ya dizeli. Baada ya muda akainua kidole: sauti ilikuwa imeshuka kidogo na kuwa nzito. Kisha akachukua chupa ya maji iliyojaa nusu, akailaza mezani kuelekea mbele, akatuonyesha jinsi maji yalivyozidi upande wa nyuma kwa kiasi cha unene wa sarafu. Tukaiacha chupa pale pale. Vijana waliokuwa wakitazama simu zao waliziweka chini, na kwa zaidi ya robo saa behewa zima lilikuwa likitazama chupa. Sidhani kwamba mhadhara wowote tuliowahi kuuandaa umefundisha zaidi ya hapo.

Daraja la Ribblehead ndilo lililowavuta wengi wenu kujiandikisha, nami nitakaa hapo kidogo. Lina matao 24, urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Oktoba 1870. Picha nyingi hulionyesha kutoka mbali, ambako huonekana jepesi kama uzi uliotandazwa juu ya bonde. Chini yake mambo ni mengine. Mawe ya chokaa yamekatwa kwa ukubwa usiolingana, nyuso zao zimeachwa bila kulainishwa, na upepo unapopita kati ya nguzo mtu hulazimika kumwambia mwenzake jambo mara mbili. Tulizihesabu nguzo tukianzia upande wa kusini, na mama mmoja akawa wa kwanza kugundua kwamba ya sita ni nene kuliko zilizotangulia. Ya kumi na mbili nayo hivyo, na ya kumi na nane. Wajenzi waliweka kila nguzo ya sita kuwa nene ili, endapo tao moja lingeanguka, maporomoko yakomee hapo na daraja zima lisifuate.

Lakini lililotukalia akilini zaidi ni jambo ambalo jicho halilioni. Daraja lenyewe linapanda. Mwisho wake wa kaskazini uko juu kuliko mwisho wa kusini kwa mita nne hivi, kwa kuwa sharti la moja kwa mia halikusitishwa hata pale ambapo hapakuwa na ardhi ya kupandia.

Siwezi kuliacha bonde hilo bila kuwataja waliolijenga daraja. Vibarua waliishi na familia zao katika vibanda vya mbao kwenye kinamasi cha Batty Moss, katika makambi waliyoyapa majina kama Sebastopol na Jericho. Ajali ziliwaua, na ndui ikawaua. Uwanja wa kanisa dogo la Chapel-le-Dale ulilazimika kuongezwa ili kuwazika watu wapatao 200, wanawake na watoto wakiwamo. Tulisimama hapo kimya, kisha kila mtu akaomba dua kwa imani yake.

Madaraja mengine nayapitia upesi. La Arten Gill lina matao 11, na la Smardale lenye matao 12 ndilo refu kuliko yote kwa kimo, mita 40 hivi. La Dandry Mire lina kisa chake: hapo halikukusudiwa daraja bali tuta la udongo. Vibarua walimwaga udongo kwa zaidi ya miaka miwili, na kinamasi kikaumeza wote kama mtu anayemwaga pishi za mchele kisimani. Hatimaye wahandisi wakasalimu amri, wakajenga matao 12. Handaki la Blea Moor, mita 2,404, tulilipita kwa treni tu, na gizani hakuna cha kuripoti.

Sasa nifike Dent, ambako ninawajibika kuwaomba radhi. Stesheni ya Dent, iliyoko mita 350 juu ya usawa wa bahari, ndiyo iliyo juu kuliko stesheni zote za njia kuu katika England. Mzee wetu alitabasamu aliposikia, kwa kuwa stesheni ya Timboroa aliyoizoea Kenya iko juu zaidi ya mita 2,700, lakini kwa adabu hakusema neno hadi alipoulizwa. Mimi, nikiwa ndiye niliyepanga ratiba, niliona jina la Dent kwenye stesheni na jina la Dent kwenye kijiji, nikadhani ni mahali pamoja. Kumbe kijiji kiko zaidi ya kilomita 6 kutoka stesheni, na mita 180 hivi chini yake. Tulikwenda kula chakula cha mchana tukiteremka kwa furaha; kurudi, hatua za mwisho zilikuwa za barabara iliyosimama kama ngazi, na treni tuliyoikusudia tuliisikia ikiondoka tukiwa bado chini ya kona. Tuliisubiri iliyofuata jukwaani, katika upepo, tukigawana maandazi mawili mawili na chai iliyobaki chupani. Lawama ni yangu peke yangu, wala si ya reli.

Hata hivyo ajali hiyo ndogo ilitufundisha kwa miguu yetu kile ambacho ramani haikutufundisha. Reli ingeshuka kijijini Dent, ingebidi ipande tena upande wa pili, na kimo chote kilichonunuliwa kwa makaa na jasho tangu Settle kingepotea bure. Wahandisi waliishikilia reli ubavuni mwa mlima, na watu wa bondeni wakaambiwa wapande wao. Ndivyo ilivyo pia Kirkby Stephen, ambako mji uko mwendo wa miguu wa kutosha kutoka stesheni yake. Stesheni zenyewe zilijengwa kwa uzuri, kwa mapaa yaliyochongoka na mbao zilizonakshiwa ukingoni. Nyuma ya ile ya Dent bado zinaonekana safu za mataruma ya zamani yaliyosimamishwa wima kuzuia theluji. Mwaka 1947 hayakufua dafu: theluji ilifunga reli kwa takriban wiki nane.

Mwinuko haukuamua tu mahali pa kujenga; uliua pia. Kwa miaka mingi treni nzito zilisukumwa au kuvutwa na injini ya pili hadi Ais Gill, kilele cha reli hiyo, mita 356 juu ya usawa wa bahari, kisha injini hiyo ikafunguliwa na kurudi tupu. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910, injini mbili za namna hiyo zilikuwa zikisubiri ishara katika stesheni ambayo leo inaitwa Garsdale. Mtu wa ishara alizisahau, akafungulia njia treni ya haraka iliyokuwa ikienda Glasgow. Ikazifuata na kuzigonga, moto wa gesi ya taa ukashika mabehewa, watu 12 wakafa. Mwezi Septemba 1913, treni iliyopewa makaa duni ilishindwa kumaliza mpando ikasimama karibu na kilele, na iliyoifuata ikaigonga kwa nyuma. Walikufa 16. Tangu nilipoyasoma hayo, siwezi tena kuliita neno "mwinuko" la kitaalamu tu.

Kuhusu jitihada za kuifunga reli hiyo mlipata maelezo marefu katika kikao cha Juni, hivyo nitagusia tu. Mwaka 1970 stesheni zote isipokuwa za Settle na Appleby zilifungwa, na katika miaka ya 1980 ikadaiwa kwamba Ribblehead imechakaa kiasi cha kutostahili gharama ya kuitengeneza. Mwaka 1985 njia mbili juu yake zikapunguzwa kuwa moja ili kuupunguza uzito. Wananchi walipeleka maelfu ya barua za kupinga. Mojawapo ya pingamizi ilitiwa alama ya wayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, ambaye alikuwa abiria wa kulipiwa nauli, na ikapokewa rasmi. Sanamu yake iko jukwaani Garsdale, na watoto wetu walipiga nayo picha kuliko walivyopiga na daraja. Aprili 1989 serikali ilitangaza kwamba reli haitafungwa. Ukarabati wa daraja ulipofanyika, gharama ilikuwa ndogo kuliko makadirio yaliyotumiwa kutaka reli ifungwe.

Kikundi cha miinuko kiliomba niongeze kwamba ardhi nayo ina mwinuko wake. Mwezi Februari 2016, baada ya mvua kubwa, ukingo wa mto Eden karibu na Armathwaite uliporomoka chini ya reli, na treni hazikupita hapo hadi tarehe 31 Machi 2017, baada ya nguzo za chuma zilizojazwa saruji kuchimbiwa mlimani kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 23. Nimekubaliana nao kwamba jambo hilo lipewe kikao chake kizima mwakani.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza safari moja kubwa, siku ya tarehe 1 Mei, tukianzia Carlisle badala ya mji wa Leeds ulioko kusini, kwa sababu mpando wa upande huo kuelekea Ais Gill bado hatujausikia kwa masikio yetu, na mzee wetu ameahidi kuja na chupa yake. Tutashuka Appleby na Garsdale. Majina yapelekwe kwa Bi. Katibu kabla ya mwisho wa Machi ili tiketi za kikundi zikatwe mapema; na ratiba ya treni ya kurudi, kwa uamuzi wa kamati ambao mimi mwenyewe niliuunga mkono, itashikwa naye.